Uso wa Bwana Bado

Mjane alipofika, mchoraji alikuwa juu ya ngazi akimalizia meno.

Ukuta ulikuwa wa hospitali, pembeni mwa geti la kuingilia wodini, na meno yalikuwa ya marehemu mume wa huyo mjane. Alisimama chini, mkoba kwapani, akatazama juu bila haraka. Ukutani palikuwa na mzee mwenye mashavu yanayong'aa, mikono ameitanua kama mtu anayempokea mjukuu, kinywa wazi kwa furaha. Chini yake yalikuwa yameshaandikwa kwa penseli maneno yaliyosubiri rangi nyekundu: ALITUFUNGULIA SOTE.

"Shikamoo, mama," mchoraji akaamkia kutoka juu.

"Marahaba. Huyu nani?"

Mchoraji akacheka, akidhani anataniwa. "Si mzee mwenyewe! Shujaa wa ndege."

"Mzee gani?"

"Mumeo, mama."

"Mume wangu meno alikuwa nayo," mjane akasema. "Lakini hata mimi sikuonyeshwa mara nyingi."

Mchoraji akashuka. Alikuwa kijana mwenye adabu, na hakupenda ugomvi na wafiwa. Alieleza kwamba kamati ya hospitali ilimpa picha iliyokatwa gazetini, na katika picha hiyo mzee anacheka. Mikono ilikuwa wazo la mganga mkuu. Uzinduzi ni Jumamosi, wageni wameshaalikwa.

"Kwa hiyo haibadiliki?"

"Mama, rangi ni rangi, inafutika. Kamati ndiyo haifutiki."

"Basi usimalize hayo meno," mjane akasema, "mpaka nirudi." Akaenda zake kuitafuta kamati.

Watu waliomwona akipita uani siku ile walisema uzee umemwingia, au majivuno. Mtu kuchorewa mumewe bure, tena kwa rangi nzuri, halafu anung'unike! Lakini mjane hakuwa akigombea sura. Alikuwa na sababu, na sababu hiyo haieleweki bila kumjua aliyechorwa.

Alikuwa bawabu wa geti lile maisha yake yote ya kazi. Jina alilopewa na wazazi lilijulikana kwa mwajiri na kwa mkewe. Mji mzima ulimwita Bwana Bado, kwa sababu hilo ndilo neno walilolisikia kutoka kwake. Hospitali ilikuwa na muda wa kuona wagonjwa asubuhi, mchana na jioni, na kila muda ulifunguliwa kwa kengele na kufungwa kwa kengele. Kabla ya kengele, geti lilifungwa. Mbele ya geti palikuwa na mstari mweupe aliouchora yeye mwenyewe kwenye saruji, akaurudia kila ulipofifia, na mgeni alitakiwa kusimama nyuma yake. Anayeuvuka aliambiwa, bila kelele, "Rudi nyuma ya mstari." Anayeuliza kama muda umefika aliambiwa, "Bado."

Watu walimjaribu kwa kila namna. Walikuja wamevaa makoti meupe ya kuazima. Walikuja wamebeba chupa tupu wakisema ni damu ya haraka. Bwana mmoja mwenye cheo alishuka kwenye gari lenye bendera, akauliza, "Unanijua mimi ni nani?" Bwana Bado akamwambia hapana, lakini wauguzi wakizunguka wodini wataulizia, na kama kuna mgonjwa aliyesahau jina lake watamsaidia kumtambua. Yule bwana alisubiri kengele kwenye benchi, katikati ya mama mwenye hotpoti na mzee mwenye mkongojo. Inasemekana alishika adabu kidogo, ingawa haikudumu.

Hakuwa mtu wa kupenda kutesa. Utotoni, mama yake alilazwa wodi hiyo hiyo, na wakati huo geti lilifunguka kwa jina. Mwenye jina aliingia na ukoo mzima, wakakaa juu ya vitanda vya wengine, wakala, wakacheka, mmoja akakalia mpira wa dripu ya mama yake. Yeye, asiye na jina, alifukuzwa kama mbuzi aliyeingia shambani. Alipokua na kupewa funguo, aliamua kwamba geti lake halitamjua mtu. Alikuwa na usemi wake: "Geti halina shemeji." Nyumbani alikuwa mpole hata kuku wa jirani waliingia sebuleni na kutoka wapendavyo. Milango yake haikuwa na komeo. Alisema kazi haibebwi nyumbani.

Watu hawapendi haki ya namna hiyo. Wanaipenda kwa jirani. Kila mmoja huamini kwamba sheria ni nzuri sana na kwamba leo, kwa shida yake yeye, ingefaa ilegezwe kidogo.

Kisha akalazwa mama mkwe wake. Ilikuwa kifua. Asubuhi moja muuguzi aliyekuwa akitoka zamu alipita nyumbani, akamwambia binti wa mgonjwa, yaani mke wa bawabu, "Nenda, mama anakuulizia." Mke alitoka na kanga moja na hotpoti mkononi, akafika getini akihema. Mumewe alikuwa pale, amesimama, mikono nyuma.

"Baba watoto, fungua. Mama ananiita."

"Nimesikia. Bado."

"Ni mama yangu!"

"Najua ni mama. Pole sana. Bado muda."

Akamvutia kiti chake mwenyewe, akamwekea nyuma ya mstari. Mke hakukikalia. Alisimama akiushika ukuta. Kengele ilipolia, geti likafunguliwa, akakimbia, akakuta kitanda kinazungushiwa pazia.

Msibani, Bwana Bado alilia kuliko wanaume wote, na alilia nje ya muda wa kazi. Alibeba jeneza mbele kabisa. Baada ya matanga, mkewe alimpikia, akamfulia, akamjibu akiulizwa, na moyo wake akauhamishia mahali pengine. Waliishi hivyo, kwa heshima, kama wapangaji wawili wa nyumba moja. Mara moja tu alimuuliza, wakila.

"Ungenifungulia, ungepungukiwa nini?"

Bwana Bado akaweka tonge chini. "Nyuma yako alisimama mwanamume. Ningekufungulia wewe, yeye ningemwambia nini?"

"Ungemwambia mama mkwe wako anakufa."

"Yeye mkewe alikuwa anakufa," akasema. Akainuka, akanawa, hakumaliza chakula.

Mke hakuridhika. Aliamini, na hakumwambia mtu, kwamba ule uso wa siku ile, uso usio na hasira wala huruma, mumewe aliutengeneza kwa ajili yake yeye. Kwamba kwa mtu mwingine angelegea. Mawazo kama hayo ni kama mchwa. Huyaoni yakila, unaona tu siku nguzo inapoanguka.

Miaka ikaenda. Binti yao aliyeolewa mji wa mbali akajifungua mtoto wa kwanza, akawatumia wazazi tiketi za ndege. Bwana Bado hakuwahi kupanda ndege. Aliulizwa anapenda kukaa wapi, akasema karibu na mlango. Wakawekwa mbele kabisa, hatua chache kutoka chumba cha rubani. Alikagua mkanda, akakagua dirisha, kisha akamtazama mhudumu, binti mwembamba, akimwamuru bwana mmoja mnene mwenye suti akae na azime simu. Bwana alibisha. Binti akasimama pale pale mpaka simu ikazimwa.

"Huyu mtoto anaijua kazi," Bwana Bado akamnong'oneza mkewe. Yalikuwa maneno marefu kuliko yote aliyomwambia juma lile.

Walikuwa wameshapita mawingu vijana wawili waliposimama nyuma na kupiga kelele. Mfupi alikumbatia begi, akisema likilipuka hatabaki mtu. Mrefu alikuwa na kisu. Ndege sasa ni yao, walisema. Rubani ataipeleka watakako. Abiria wakainamisha vichwa. Mtu alianza kuomba kwa sauti, akaambiwa aombe kimoyomoyo. Yule mrefu akaja mbele, kuelekea mlango wa rubani. Mhudumu alijaribu kumzuia akasukumwa, akaangukia viti.

Bwana Bado akafungua mkanda wake.

Mkewe akamdaka shati. "Kaa chini, baba watoto! Hilo si geti lako!"

Mumewe akageuka kumtazama. Na mke akauona uso ule ule. Macho yametulia, mdomo umefungwa bila kubana, hakuna hasira, hakuna huruma. Mkono wake ukalegea wenyewe. Bwana Bado akatoka, akasimama mbele ya mlango wa rubani, akaweka mikono nyuma.

"Unakwenda wapi?" akamuuliza kijana.

"Toka, mzee! Nitakuchinja!"

"Humu hawaingii wageni."

"Mzee una wazimu? Huoni kisu?"

"Nakiona. Rudi nyuma ya mstari."

Hapo likatokea jambo ambalo gazeti halikuliandika sawasawa, kwa sababu mwandishi hakulielewa. Kijana aliangalia chini. Kwenye zulia la ndege hakukuwa na mstari wowote, lakini aliutafuta, na alipokuwa akiutafuta mguu wake ukarudi nyuma. Bwana mnene mwenye suti alikuwa ameketi pale pale ulipofikia mguu. Akaukumbatia mguu. Kijana akaanguka akirusha kisu ovyo, kikamchana Bwana Bado mkono kutoka kiwiko hadi kifundo. Mhudumu akainuka na birika la chuma, akampiga nalo kichwani kwa utulivu. Yule mfupi, kuona hivyo, akaketi kwenye kiti kilichokuwa wazi na kufunga mkanda. Begi lilikuwa na nguo chafu.

Kortini hakimu alimuuliza yule mrefu kwa nini alirudi nyuma ilhali yeye ndiye mwenye silaha. Kijana akainama. Akasema amekulia mtaa wa nyuma ya hospitali, bibi yake alilazwa mwaka mzima, naye alikuwa akimpelekea chakula kila siku. "Nilisikia ile sauti," akasema. "Miguu ikaenda yenyewe."

Wakati Bwana Bado anafungwa mkono kwa kitambaa, mkewe alikuwa akimtazama usoni. Uso ule haukutengenezwa kwa ajili yake yeye peke yake. Mwenye kisu amepewa ule ule, kwa kipimo kile kile. Walipofika kwa binti yao, alimsimulia mumewe habari za mama yake kwa mara ya kwanza tangu msiba: jinsi alivyopenda kucheka, jinsi alivyomsema mkwewe kwamba ana sura ya mhuri wa posta. Bwana Bado alisikiliza mpaka mwisho, akisogeza kiti karibu. "Alikuwa sahihi," akasema.

Mji ulimpokea kwa vigelegele. Mpiga picha wa gazeti alimwambia, "Cheka kidogo, mzee shujaa," akakataa, mpaka bwana mnene aliyekuwa kando akateleza kwenye ganda la ndizi, na hapo picha ikapatikana. Jumatatu alirudi kazini na bandeji. Watu walikuja mapema, kwa furaha, wakiamini kwamba mtu aliyetukuzwa huwa amelegea. Akawaambia bado. Bandeji haijatoka, mji ulishaanza kusema kwamba ingekuwa afadhali abaki huko huko angani. Ndivyo watu walivyo. Ushujaa wa siku moja wanaupenda kwa sababu hauwadai kitu. Ushujaa wa kila siku huwachelewesha.

Alistaafu, akaugua mapafu, akalazwa wodi ile ile. Mkewe alifika kwa kengele na kuondoka kwa kengele. Jioni ya mwisho hali yake ilikuwa mbaya, kila mtu aliona, hata yeye.

"Kengele imelia, mama watoto," akasema kwa sauti ndogo.

"Hata leo?"

"Hata leo."

Akachukua hotpoti yake akatoka. Alfajiri haikumkuta mzee. Muuguzi alimwambia mjane kwamba angebaki, hakuna ambaye angemtoa.

"Yeye angenitoa," mjane akasema.

Sasa kamati hiyo hapo. Ilikuwa ikikutana ofisini kwa mganga mkuu: mganga mkuu mwenyewe, matroni, na mwenyekiti, ambaye alikuwa mwenye duka la dawa lililo ng'ambo ya barabara. Mjane akapewa kiti, akapewa na soda. Akaiweka soda chini.

"Nimeona mchoro," akasema. "Yule si mume wangu."

"Mama," mganga mkuu akasema kwa upole wa mtu aliyezoea kutoa habari mbaya, "wagonjwa wanahitaji kutiwa moyo. Mtu akifika getini akakutana na uso wa kununa..."

"Hakununa."

"Basi, ule uso."

"Ule uso ndio uliosimama kwenye ndege. Hayo meno hayakuwepo. Mimi nilikuwepo."

Mwenyekiti akakohoa. "Marehemu husemwa kwa mema, mama."

"Semeni mema yake, basi. Msimpe ya mtu mwingine. Haya, mwenyekiti: lini alikufungulia kabla ya muda?"

Mwenyekiti akaitazama feni. "Mimi... kwa kweli, siku ile nilikuwa nimeleta dawa."

"Akakufungulia?"

"Akaniambia dawa zinapita stoo."

Matroni akaangua kicheko, akajiziba mdomo na leso. "Mimi nilikuwa naingia kazini! Na sare, na kofia! Nimesahau kitambulisho tu. Nikakaa kwenye benchi kama mjomba wa mgonjwa."

Wote wakamgeukia mganga mkuu. Akapanga kalamu zake mezani. "Siku yangu ya kwanza hapa," hatimaye akasema, "nilikuja na suti mpya. Nikamwambia mimi ndiye mganga mkuu. Akasema, 'Hongera. Rudi nyuma ya mstari.'"

Kicheko kilipotulia, mjane alikuwa hajacheka.

"Mimi alinifungia mama yangu anakata roho," akasema. "Hilo mnalijua, mji mzima unalijua. Nimelibeba kwa sababu moja tu: aliwafungia wote. Sasa mnaandika ukutani kwamba aliwafungulia. Watoto watakaosoma watajua hivyo, na wajukuu zangu watajua hivyo. Kama aliwafungulia wote, basi aliyefungiwa ni mimi peke yangu, na mama yangu alikufa akiniita kwa sababu mume wangu alinichukia. Mnataka niishi na hilo? Chagueni. Ama mumchore alivyokuwa, ama mfute ukuta ubaki mweupe."

Mwenyekiti akapendekeza wakutane katikati: uso ubadilishwe, maneno yabaki. Mjane akasema maneno ndiyo uongo wenyewe, meno yalikuwa shahidi tu. Matroni akasema yeye hana pingamizi. Mganga mkuu akaagiza maneno yafutwe, mikono irudishwe nyuma, na uso uwe kama mjane atakavyosema. Aliomba jambo moja tu, mchoraji asizidishe.

Mchoraji alipiga rangi nyeupe juu ya tabasamu, akaanza upya, mjane akiwa amekaa chini kwenye kiti cha kuazima. Hapakuwa na picha ya kufuata.

"Alikuwa amekasirika, mama?"

"Hapana. Sijawahi kumwona amekasirika."

"Mwenye huzuni, basi?"

"Hapana. Punguza hapo kwenye nyusi. Unamchora anayefukuza watu."

"Kwani hakuwafukuza?"

"Aliwasubirisha. Naye alisubiri nao, kwa miguu, siku zote. Kiti alichokuwa nacho aliwapa wao."

Mchoraji akafuta, akarudia, akafuta tena. Alipogusa kona ya mdomo kwa ncha ya brashi, mjane akanyoosha mkono. "Hapo. Acha. Usiguse tena." Akatazama mpaka kijana akaona haya, akashuka kwenda kuosha brashi zake.

Jumamosi uwanja ulijaa. Kitambaa kikavutwa. Watu waliokuwa tayari kupiga makofi waliinua mikono, ikabaki hewani. Ndipo mwanamke mmoja mzee, nyuma kabisa ya umati, akasema kwa sauti iliyosikika hadi mbele:

"Ndiye huyo huyo. Mungu amrehemu." Kisha akasonya, msonyo mrefu kama wa kupasua turubai.

Watu wakaguna. Mwenyekiti akageuka kumtafuta aliyekosa adabu. Mjane naye akageuka, akapita katikati ya viti, akamfikia yule mwanamke, ambaye hakumjua, akamshika mkono.

"Na wewe?" akamuuliza.

"Na mimi, dada. Mume wangu. Nilimkuta ameshafunikwa." Akampima kwa macho. "Wewe nani wako?"

"Mama yangu," mjane akasema. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Aliyenizuia ni mume wangu."

"Hata wewe mkewe?"

"Hata mimi."

Yule mwanamke akautazama tena ukuta, safari hii kwa muda mrefu zaidi. "Basi," akasema, "kumbe hakuwa na neno na mimi."

Akamsogezea mjane nafasi. Wakaketi wote wawili, mkono kwa mkono, kwa maana mganga mkuu alikuwa ameandaa hotuba, na ilikuwa ndefu.